Bakuli la Mtaa wa Mbaazi

Mji wetu wa kando ya barabara ya Mombasa, upande wa Makueni, ulikuwa na njaa karibu kila mwaka, lakini mitaa yake yote ilikuwa imeshiba. Kulikuwa na Mtaa wa Nyama, penye mabucha. Kulikuwa na Mtaa wa Chai, ambapo madereva wa malori na utingo wao waliteremka kunywa chai kabla ya kuendelea na safari, na nyuma yake Uchochoro wa Supu, ambao mume wangu aliupenda kuliko kanisa. Hakuna aliyeketi akapanga majina hayo. Mgeni akiuliza njia aliambiwa, "Pita Nyama, kata kwa Supu, ukitokea Maziwa uliza tena." Na huko Maziwa hakukuwa na hata tone. Ng'ombe wa mzee aliyekuwa akiuza pale walikufa kwa ukame kabla mimi sijaolewa, lakini watu waliendelea kusema "naenda Maziwa" bila kuona ajabu.

Sisi tulikaa Mtaa wa Mbaazi. Hata sasa wageni wakinitembelea huniambia, "Kumbe huu mtaa ni wako, mama!" Mimi hucheka kidogo na kuwakaribisha ndani. Kicheko hicho huniuma, maana mtaa si wangu, na mwenyewe namjua.

Mwenyewe alikuwa jirani yangu, mke wa fundi wa malori, mwanamke wa pwani aliyekuja kwetu na mumewe miaka ya sitini ikielekea kwisha. Alinizidi umri, kwa hiyo nilimwita Dada, naye akaniita mdogo wangu tangu siku ya kwanza, kabla hata hajajua kama mimi ni mtu mzuri. Nyumba zetu zilitenganishwa na ukuta mmoja wa mabati. Akikohoa nilisikia, nami nikigombana na mume wangu alisikia, na kesho yake alijifanya hakusikia.

Mbaazi sisi Wakamba tumezaliwa nazo. Tunaziita nzuu, tunazila mbichi na kavu, tunazichemsha na mahindi tukapata chakula kiitwacho isyo, tunawapa mbuzi majani na kuni tunapata kwenye shina. Kwa hiyo niliposikia kwamba mwanamke wa pwani ameweka jiko mbele ya mlango wake na anauza mbaazi, nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Nilimwambia mume wangu, "Sasa huyo anataka kutufundisha nzuu?" Tukaona tutamtazama wiki moja tu atakunja virago.

Hakukunja. Alizipika kwa tui la nazi na vitunguu, polepole, mpaka zikawa laini na nzito, akaziweka kando ya mahamri yaliyovimba. Asubuhi ya kwanza walikuja waliotaka kucheka. Walikula, wakanyamaza, wakarudi kesho yake na wenzao. Madereva wakaanza kuegesha malori Mtaa wa Chai na kutembea hadi kwetu. Wafanyakazi wa shamba la utafiti la Kiboko wakipita na gari walisimama. Na siku moja nilimsikia utingo akimwelekeza mwenzake, "Twende ule mtaa wa mbaazi." Basi, hivyo ndivyo tulivyopata jina.

Mimi naye tulifanywa marafiki na bakuli. Lilikuwa bakuli jeupe la enameli, lenye ukingo wa buluu na kovu jeusi upande mmoja palipobanduka. Asubuhi yake ya kwanza kabisa ya kuuza aliniletea mbaazi ndani yake. Nilipomaliza nikaliosha, na kwa kuwa mama yangu alinilea vizuri, sikulirudisha hivi hivi. Nilitia maembe. Alipoyaona akacheka kwa sauti.

"Kumbe na huku bara chombo hakirudi kitupu?"

"Dada, kwani sisi ni wanyama?" nikamwambia.

Tangu hapo bakuli halikulala mahali pamoja. Likija kwangu na mbaazi, lilirudi na ndengu, au majani ya kunde, au maziwa tukiwa nayo. Likija na vipande vya kashata, lilirudi na mayai. Lilikuwa lake, lakini nadhani hata yeye alikuwa amesahau. Nilipojifungua mtoto wangu wa pili, lilikuja kila siku na uji wenye pilipili manga, na hakuna siku aliyoniuliza kwa nini linarudi na vitu vidogo vidogo.

Kila mwezi wa Ramadhani alifunga jiko lake la asubuhi. Wateja walihangaika, lakini walijua. Mwaka mmoja, mwanzoni mwa sabini, Ramadhani iliangukia mvua za Novemba. Huo ndio wakati mbaya kwetu, kwa sababu shamba ni kijani na ghala ni tupu. Chakula unakiona lakini hukili. Alikuja kwangu mwandamo wa mwezi ukikaribia, akakaa kwenye kigoda.

"Mdogo wangu, mimi kuwauzia watu chakula mchana wa Ramadhani siwezi. Lakini mwaka huu nikifunga jiko, wale wazee wa stendi watashinda na nini? Nishikie sufuria mpaka Idi."

Nilifurahi kama mtoto. Alinifundisha yote: mbaazi ziloweke saa ngapi, tui la kwanza litiwe mwisho, moto upunguzwe lini. Alinikabidhi sufuria yake kubwa na mwiko wake. Nazi zilikuwa zikiletwa na shemeji yake aliyekuja na lori kutoka pwani. Nilipika kama alivyoniagiza, watu wakaja mlangoni kwangu badala ya mlangoni kwake, hatua chache tu, na kila jioni akishafuturu nilimpelekea habari za siku. Sikuwa na nia mbaya. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, ingawa halinisaidii.

Kumi la mwisho la Ramadhani lilipofika, shemeji akabaki kwao pwani kumalizia mfungo na familia. Nazi zikaisha. Nilitakiwa kuvuka ukuta wa mabati nimuulize Dada nifanye nini. Sikuvuka. Niliona nimeshakuwa mpishi. Mvua zilikuwa zimeanza kuleta majani, na mama mkwe alikuwa ametuletea maziwa na kibuyu cha samli. Nikatia maziwa mahali pa tui, na juu yake kijiko cha samli kama mama yangu alivyotia kwenye isyo.

Mzee mmoja wa stendi, aliyekuwa akibeba mizigo ya wasafiri, alitia mdomoni akafumba macho. "Mwaitu," akaniambia kwa heshima ile ya kwetu, kana kwamba mimi ndiye mama yake, "hii sasa ni ya nyumbani."

Nilivimba kichwa. Kesho yake watu walikuwa wengi zaidi, na kesho yake wakazidi.

Idi ikaja. Dada alipika pilau, akagawa mtaa mzima, Waislamu na Wakristo, na bakuli likaja kwangu limejaa mpaka linamwagika. Kesho yake aliwasha jiko lake. Nilisimama nyuma ya dirisha kumtazama, nikiwa na furaha ya mtu aliyetunza kitu cha mwenzake kikarudi salama. Wateja walikuja, wakampa mkono wa Idi, wakala. Halafu nikasikia mmoja akimuuliza kwa upole, kwa ule upole unaoua, "Na huyu jirani leo hapiki?"

Siku ya tatu walikuwa mlangoni kwangu na sahani zao. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema neno moja tu: nendeni kwa mwenyewe. Mume wangu hakuwa na kazi mwezi huo, watoto walikuwa wawili, na mbaazi za chakula chetu zilikuwa zimelowekwa. Nikasema nitawapa leo tu. Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na mimi nilisingizia watoto, nikasingizia mume, nikasingizia hata nazi. Wiki ikapita ninasema leo tu. Upande wa pili wa mabati nilimsikia Dada akikwangua sufuria iliyobaki na chakula.

Hakuniambia kitu. Tulisalimiana, bakuli lilienda na kurudi. Afadhali angenitukana, maana mimi matusi nayaweza, ninayajibu na yanaisha. Ukimya wake ulinikosesha usingizi. Nilimwona akipunguza mbaazi za kuloweka, kisha akipunguza unga wa mahamri. Mwisho nikaamua kuwarudisha wateja wake bila yeye kujua, na njia niliyoiona mimi, kwa akili zangu zote, ilikuwa chumvi.

Nilitia chumvi ya kumtosha ng'ombe. Nilionja mwenyewe nikatema. Nikajisemea kufikia mchana watakuwa wote wamehamia upande wa pili.

Nilikuwa nimesahau mimi ni mtu wa wapi. Kwetu huwezi kumwambia mwanamke usoni kwamba chakula chake ni kibaya. Utakula, utakunywa maji, utasema asante, utakwenda kufa nyumbani kwako. Wale watu walikula. Niliona machozi yakiwatoka, nikaona vikombe vya maji vikizunguka, na hakuna aliyenyanyua uso. Kesho yake nikaongeza chumvi na nikaziunguza kidogo. Walirudi wote. Mzee wa mizigo akaniletea mzigo wa kuni, akauweka chini taratibu.

"Mwaitu, usijali. Hata mambo ya nyumbani yakiwa mabaya namna gani, yataisha. Sisi tuko na wewe."

Walikuwa wameshauriana! Mpishi akizidisha chumvi ana mawazo, na mtu mwenye mawazo haachwi peke yake. Walidhani mume wangu ananipiga. Mmoja alikwenda hata kumsema mume wangu pale Uchochoro wa Supu, naye akaja nyumbani akaniuliza kwa hasira nimewaambia watu nini. Kadiri nilivyoharibu, ndivyo walivyokuja kunihurumia, na waliokuwa wamebaki kwa Dada nao wakaja kuona maskini huyu ana nini. Ningecheka kama lingekuwa la mtu mwingine.

Asubuhi moja niliinua macho kwenye foleni nikamwona Dada. Alikuwa amesimama nyuma ya utingo wawili kama mteja yeyote, na bakuli letu mkononi. Nilitamani ardhi ipasuke. Zamu yake ilipofika alinyoosha bakuli, nikatia. Alionja pale pale. Alitafuna, akameza, kwa sababu yeye hakuwa mtu wa kutema chakula.

"Umefanya makusudi," akasema kwa sauti ya chini.

"Dada, mimi nilitaka..."

"Najua ulitaka nini. Watu hawa wana njaa. Mzee wa watu huyo tangu jana hajala kingine, nawe unamlisha chumvi ili mimi nipate huruma?" Akaweka bakuli juu ya meza yangu, na mbaazi zikiwa ndani. "Wateja hawana kamba shingoni. Wakikupenda wewe, wapikie vizuri. Ningeumia, ningepoa. Lakini kunifanyia hivi, kama mtu aliyeshindwa kabisa, hapana, mdogo wangu."

Akaenda zake. Watu walikuwa wakitazama sahani zao. Nilizimwaga zile mbaazi zote kwa kuku wa nyumba ya nyuma, na hata kuku hawakuzimaliza.

Siku ile aliondoa jiko lake mlangoni na hakulirudisha tena. Alinunua cherehani, akaanza kushona. Bakuli likabaki kwangu, na zamu ya kulirudisha ilikuwa yangu.

Nililiosha, nikaliweka kwenye rafu. Nilifikiri kesho nitalipeleka. Lakini nilirudishe na nini? Mbaazi zingekuwa matusi. Mayai yalionekana madogo mbele ya kosa kubwa namna ile, na kuku mzima angeonekana hongo. Msimu wa maembe ulipofika nilichagua mazuri kabisa, nikayapanga ndani ya bakuli, nikafika hadi mlangoni kwake. Nilimsikia akicheka na wageni, kile kicheko chake cha sauti, nikaona nikiingia kitakatika. Nikarudi. Maembe tukayala sisi wenyewe, na yalikuwa matamu, jambo lililoniudhi zaidi.

Miaka ikaenda namna hiyo. Hatukuwa maadui. Alinishonea sare za watoto na akazishona vizuri kuliko za wengine. Nilipofiwa na mama alikuja, akakaa nami chini, akanishika mkono. Lakini alipoondoka aliaga akiwa kwenye kizingiti, hakuingia jikoni kama zamani. Na mtaa ukaendelea kuitwa Mbaazi. Waliokuwa wakijua ni mbaazi za nani walihama, wakazeeka, wakafa. Mzee wa mizigo alikufa mwaka wa njaa ile ya mahindi ya manjano ya msaada. Vijana waliokua walijua mbaazi zangu tu. Kuna siku Dada alipita na kitambaa begani nikamsikia msichana akimwelekeza mgeni, "Huyu mama anayepika ndiye alianzisha mtaa." Dada alisikia pia. Mimi nilikuwa na mwiko mkononi na mdomo ulio mzima, na sikusema kitu. Katika yote, siku hiyo ndiyo huwa sipendi kuikumbuka.

Jambo moja tu nilijiadhibu nalo, tena bila kukusudia. Tangu kisa kile niliogopa chumvi. Mkono ulikuwa ukifika kwenye kopo unarudi nyuma. Wateja walizoea, wakawa wanaomba chumvi mezani na kujitilia. Walidhani ni mtindo wangu.

Miaka ya tisini ilipoanza, mume wa Dada aliacha kazi kwa sababu ya macho, wakaamua kurudi pwani kwa watoto wao. Wiki hiyo hiyo baraza la mji lilikuwa limemtuma mchoraji mitaani na mbao na makopo ya rangi, ili hatimaye mitaa iwe na vibao. Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye rangi hadi masikioni. Alikuja mlangoni kwangu asubuhi nikiwa na sufuria motoni.

"Mathe, nimeambiwa hii street ni yako. Niandike tu Mtaa wa Mbaazi, ama niweke na jina yako?"

Nyuma yake, upande wa pili, niliona magodoro yamefungwa kamba na cherehani imeviringishwa kwenye shuka. Niliweka mwiko chini.

"Si wangu," nikasema. "Njoo nikuonyeshe mwenyewe."

Nilimshika mkono kama mtoto, rangi ikaniingia vidoleni, nikampeleka. Dada alikuwa amekaa juu ya sanduku akikunja nguo. Nilisema yote mbele ya kijana yule, haraka haraka, nisije nikarudi nyuma kama siku ya maembe: kwamba yeye ndiye aliyeanza, kwamba mimi nilishikizwa tu sufuria mpaka Idi, na wateja nikabaki nao. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka. Dada aliendelea kukunja.

"Andika mbaazi, mwanangu," akamwambia mchoraji. "Majina ya watu waachie makaburi." Kisha akanitazama mimi. "Bakuli langu liko wapi?"

Nilikimbia. Nililitoa kwenye rafu, nikalifuta kwa kanga, na hapo nikasimama katikati ya jikoni kama mjinga. Miaka yote ile ya kufikiri, na siku imefika, nyumbani hakuna embe, hakuna yai, hakuna kitu ila sufuria ile motoni. Kulirudisha tupu sikuweza. Nikachota mbaazi, nikajaza, nikampelekea kwa mikono miwili.

Alilipokea. Aligusa lile kovu jeusi kwa kidole gumba kwanza, kisha akachovya, akaonja. Alitafuna kwa muda mrefu, kama siku ile.

"Hazina chumvi," akasema.

"Naogopa kutia, Dada."

"Mpaka leo?"

Nililia, mtu mzima mwenye wajukuu, mbele ya kijana wa baraza. Dada hakunibembeleza. Alifungua kikapu cha vyombo vyake, akatoa kopo, akatia chumvi kidogo, akakoroga kwa kidole, akaonja tena. Kisha akala zote, polepole, ameketi juu ya sanduku lake, mpaka akafuta ukingo.

Kibao walitaka kukipigilia kwenye ukuta wake, lakini mwenye nyumba alikataa ukuta wake kutobolewa. Mchoraji akakipigilia kwenye wangu. Kipo hadi sasa, na ndicho wageni hukisoma wakaniambia mtaa ni wangu.

Basi lilikuja adhuhuri. Nilibeba cherehani hadi Mtaa wa Chai na mumewe akanishika bega kwa sababu ya macho yake. Vitu vyote vilipokwisha kupakiwa, Dada aligeuka akanikabidhi bakuli, limefunikwa kwa kitambaa alichoshona mwenyewe. Nilisema, "Dada, hili ni lako."

"Chombo hakirudi kitupu," akasema, akapanda.

Nililifunua basi lilipokwisha kuondoka. Lilikuwa limejaa chumvi, ile ya mawe ya pwani, imetwangwa nusu. Niliipikia mpaka ikaisha, nikiitia kwa mkono usiorudi nyuma, na watu wakasema mbaazi zangu zimekuwa tamu ghafla. Bakuli nimeliosha. Liko kwenye rafu, na pwani sijaenda, na zamu ni yangu.